Mzinga mkubwa si lazima ujae asali: kipimo kinavyowaponza wafugaji nyuki Kilifi na Malindi

KATIKA mashamba ya mikorosho na minazi yanayopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, si ajabu kukuta mzinga wa mbao uliopakwa rangi vizuri, ukaning'inizwa kwa waya, lakini ndani mna utando wa buibui tu. Hatua chache kutoka hapo, gogo kuukuu lililotobolewa kwa mkono linavuma kwa nyuki. Mwenye mzinga hulaumu ukame, hulaumu nyuki, pengine hata jicho baya la jirani. Mara nyingi kosa huwa ni la kipimo.

Nyuki wa Pwani, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera litorea, ni mdogo kuliko nyuki wa Ulaya. Huyo wa Ulaya hulazimika kuweka akiba kubwa ya asali ili avuke miezi ya baridi kali, na kwa hiyo hutafuta nyumba yenye nafasi ya kutosha. Nyuki wa Malindi hana baridi ya kuogopa. Yeye hujenga kundi dogo, hugawanyika mara kwa mara, na akikosa chakula au akisumbuliwa kupita kiasi, kundi zima huhama na kuacha masega matupu. Kwa mfugaji, kuhama huko ni hasara ya msimu mzima.

Hapo ndipo ukubwa wa mzinga unapoingia. Kundi dogo likiwekwa katika sanduku kubwa haliwezi kulinda masega yote. Nondo wa nta hutaga mayai katika masega yasiyo na walinzi, na mabuu wake huyatafuna. Mbawakawa wadogo wa mizinga nao huharibu asali kwa kinyesi chao hadi ichache na kutiririka. Mara nyingi nyuki huwa wameshaondoka kabla mwenyewe hajatambua lolote. Kwa upande mwingine, mzinga mdogo mno hujaa upesi, na nyuki hujiandaa kugawanyika badala ya kuweka asali. Mfugaji hana budi kutafuta njia ya katikati.

Mizinga inayotumika zaidi nchini, mbali na magogo ya asili, ni ya aina mbili. Wa kwanza ni ule wenye vijiti vya juu, uliotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika mpango uliofadhiliwa na Canada. Ni sanduku refu lenye kuta zilizoinama, na nyuki hujenga sega chini ya kila kijiti. Wa pili ni Langstroth, unaobeba jina la mchungaji wa Marekani aliyegundua mwaka 1851 kuwa nyuki huiacha wazi nafasi ya takriban milimita 6 hadi 9. Ikipungua huiziba kwa gundi yao. Ikizidi huijaza sega. Juu ya ugunduzi huo alijenga mzinga wenye fremu zinazotolewa na kurudishwa, na masanduku yanayopandishwa moja juu ya jingine.

Upi unafaa Pwani? Jibu linategemea mfuko na subira ya mfugaji. Langstroth humwezesha kukamua asali kwa mashine na kuwarudishia nyuki masega yao, lakini mashine hiyo si ya bei ya kila mtu, na fundi akikosea milimita chache faida yote hupotea. Mzinga wa vijiti ni rahisi kuunda, na nta yake huuzwa. Udhaifu wake ni joto. Sega halina fremu ya kulishika, na nta hulegea mapema kabla ya kufikia kiwango cha kuyeyuka, ambacho ni takriban nyuzi 63. Mzinga ukiachwa juani mwezi Februari, sega zito la asali huweza kukatika na kuangukia nyuki. Kivuli, kwa hiyo, ni sehemu ya mzinga sawa na kifuniko.

Katika mzinga wa vijiti, ukubwa hurekebishwa kwa ubao wa kugawa. Kundi jipya hupewa vijiti vichache karibu na mlango, kisha ubao husogezwa nyuma kadiri masega yanavyoongezeka. Jambo hili dogo hupuuzwa sana, ingawa gharama yake ni kipande cha mbao tu. Majana hukaa karibu na mlango na asali hurundikwa nyuma, hivyo mvunaji huanzia nyuma.

Kwa Langstroth, sanduku moja la fremu 10 hutosha kuanzia, na sanduku la asali halipandishwi kabla nyuki hawajazijaza fremu saba au nane. Juu yake lifaalo ni sanduku fupi. Sanduku refu likijaa asali hupita kilo 30, na kulinyanyua usiku mbele ya nyuki wakali si kazi ya mtu mmoja.

Unyevu wa Pwani nao una madai yake. Asali isiyofunikwa kwa nta bado ina maji mengi na huchacha ndani ya chupa, kwa hiyo masega yaliyofunikwa ndiyo huvunwa. Wanaouza kupitia mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanzishwa mwaka 1993 ili wakazi wapate kipato bila kukata miti ya msitu huo wenye eneo la takriban kilomita 420 za mraba, wanajua kuwa shehena moja iliyochacha huweza kumfukuza mnunuzi.

Limebaki suala la seremala. Kijiti cha mzinga wa nyuki wa Kiafrika hukatwa kwa upana wa milimita 32. Wa nyuki wa Ulaya ni 35. Vijiti vikikatwa kwa kipimo cha Ulaya, nyuki hujenga masega yakikingama kutoka kijiti kimoja hadi kingine, na kila mzinga ukifunguliwa yanapasuka, asali inamwagika na siafu wanaitwa karamuni. Mnunuzi wa mzinga mpya sokoni afadhali aende na rula yake.