Anayetaka Kuwa Mtafiti Aache Kuulizia Programu

Hapana, huhitaji Moodle. Huhitaji Python, wala laptopu ya bei ya pikipiki, wala kile cheti cha wiki sita ambacho binamu yako aliye Nairobi amekutumia kwa WhatsApp. Nawaandikia walimu wa Jebel hapa Juba, na wenzao wa Munuki na Gudele, ambao kila tukikutana huniletea swali lilelile: "Mwalimu, nianze na programu gani ili niwe mtafiti wa teknolojia ya elimu?" Wengi wao walisomea Kakuma, Arua au Nairobi. Shahada ya kwanza wanayo, bidii wanayo. Swali lao ndilo bovu, na nimechoka kulijibu kwa upole.

Ubovu wake unatokana na imani moja: kwamba kifaa ndicho kinachofundisha, kwa hiyo anayekijua kifaa kuliko wenzake ndiye mtaalamu. Mtafiti anakuwa fundi wa kompyuta aliyepandishwa cheo. Imani hii imeenea wizarani, kwenye mashirika na kwenye mahafali, na kama kuna jambo ambalo fani yetu imelichunguza hadi likakauka, ni hili.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Clark alipitia tafiti nyingi zilizolinganisha masomo ya redio, runinga na kompyuta na masomo ya kawaida. Akahitimisha kwamba chombo chenyewe hakimwongezei mtoto elimu. Kinachoongeza ni mbinu iliyomo ndani yake. Alikifananisha chombo na lori linaloleta vyakula: halibadilishi lishe ya anayekula. Mtu wa Juba hahitaji kufafanuliwa zaidi. Nyanya zetu huingia kwa lori kupitia Nimule, na hakuna aliyenenepa kwa sababu lori lilikuwa jipya. Robert Kozma alimpinga, akisema vipo vyombo vinavyowezesha mbinu ambazo vingine haviwezi, na nadhani kwa sehemu alikuwa sahihi. Lakini tazama walichogombania: jinsi mtu anavyojifunza. Hakuna aliyeuliza toleo la programu.

Kama hoja za maprofesa hazikutoshi, chukua Peru. Baada ya Nicholas Negroponte kutangaza mwaka 2005 mpango wake wa laptopu kwa kila mtoto, Peru ilinunua mamia ya maelfu. Tathmini iliyofanywa katika shule 319 za vijijini ikaonyesha kwamba baada ya miezi 15 hivi, watoto wenye laptopu hawakuwapita wenzao katika hisabati wala katika lugha. Walipata nafuu kiasi katika vipimo vya jumla vya kufikiri, basi. Waliogundua hilo walikuwa wachumi na wataalamu wa elimu waliojua kupanga kundi la kulinganisha na kusubiri. Hakuna aliyewauliza kama wanaweza kufungua laptopu na kubadilisha betri.

Karibu na kwetu ni Kisumu, na huu ndio utafiti ambao ningemlazimisha kila muulizaji ausome kabla hajanipigia tena. Ndani ya mradi wa PRIMR, Benjamin Piper na wenzake waligawa vifaa kwa namna tatu. Mahali pengine kishikwambi alipewa afisa anayewatembelea walimu. Pengine alipewa mwalimu mwenyewe. Pengine wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali. Njia zote tatu ziliinua usomaji, na hapo ndipo mfanyabiashara wa vifaa angefunga ripoti na kupiga picha. Piper na wenzake wakauliza swali la pili: zimeipita PRIMR ileile ya vitabu vya karatasi na mafunzo ya walimu, isiyo na kifaa chochote? Hakuna hata moja iliyoipita kwa tofauti ya kuaminika. Walipopiga hesabu ya fedha, iliyoongoza miongoni mwa zile tatu ikawa ile ya bei ndogo kabisa: kishikwambi cha afisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Mpango wa Tusome, ulioenea Kenya nzima kuanzia 2015, ulimpa mtoto kitabu na afisa wa mtaala kishikwambi. Na mwaka uleule wa 2016 serikali ya Kenya ilianza kusambaza vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza. Siasa haisubiri majarida.

Hapa kuna atakayeinua kidole: na Tanga je? Najua. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji takribani 170 vya Tanga, kwa watoto wapatao 2,700, programu zikiwa kwa Kiswahili, na mwaka 2019 timu za onebillion na Kitkit School zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Watoto walijifunza, sina ubishi. Sasa soma masharti. Palikuwa na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Lugha ya kwenye kioo ilikuwa ile inayosikika sokoni na kwenye redio. Na wengi wa watoto hao hawakuwa wakienda shule yoyote, kwa hiyo kishikwambi kilishindana na mshindani ambaye hayupo. Kihamishe hadi Jebel, kisha uniambie utakipakia lugha gani: Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kinuer, au Kiingereza ambacho mtoto atakutana nacho kwenye mtihani? Hilo ni swali la utafiti la miaka mitatu mizima, na halijibiwi na programu yoyote.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba nchi hii ina historia ya fani hii, na wanaotaka kuingia hawaijui. Kuanzia 2004 hadi 2012 mradi wa SSIRI, ulioendeshwa na EDC kwa fedha za Marekani, ulirusha masomo ya redio ya nusu saa kwa madarasa ya chini ya shule ya msingi. Sauti ya redioni inauliza, inanyamaza kidogo, darasa linajibu kwa pamoja, mwalimu anaongoza. Mbinu hiyo ilianzia Nicaragua miaka ya 1970, ikajaribiwa Kenya miaka ya 1980 kufundishia Kiingereza. Huko Nicaragua watafiti waliipima redio na vitabu vya kiada katika hisabati, na redio ikaongoza. Redio! Hakuna anayekuja kuniuliza asomee redio. Shule zetu zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2021, masomo yalirudi hewani, Radio Miraya ikiwamo. Waliosoma kwa redio mwaka 2008 leo ni watu wazima, wengine ni walimu. Walibaki na nini? Walimu wao waliendelea kuuliza na kunyamaza baada ya redio kuzimwa, au walirudi kuandika ubaoni na kukaririsha? Watoto wa wale walioishi miaka kadhaa kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani hapa Jebel walisikiliza nini mwaka 2020, kwa redio ya nani? Mtafiti wa Ulaya atahitaji viza, dereva na mkalimani. Wewe unahitaji boda.

Kuhusu vyeti vya mtandaoni, vingine vinafundisha vizuri. Visome upate maarifa, lakini kamati ya udahili wa uzamivu haitavihesabu. Inatafuta tasnifu, takwimu na swali linaloeleweka. Na anayekuahidi kuchapisha makala yako kwa siku nne ukilipa ada, katika jarida linalojiita la kimataifa, ni mwizi. Mkutubi Jeffrey Beall wa Colorado alikuwa na orodha ya majarida ya namna hiyo hadi alipoifunga Januari 2017, lakini wezi hawakufunga. Makala moja ya huko kwenye wasifu wako ni mbaya kuliko kutokuwa na makala.

Nafasi imebaki ndogo, kwa hiyo haraka. Shahada ya uzamili si lazima iwe na neno teknolojia. Upimaji, mtaala au saikolojia ya elimu inatosha, mradi iwe na tasnifu, maana ile ya kozi tupu itakufungia mlango wa uzamivu. Ukiitaka yenye jina, Kenyatta wana idara ya mawasiliano na teknolojia ya elimu, Cape Town wamejenga fani hii kwa miaka mingi, na Athabasca ya Kanada inafundisha uzamili wa elimu kwa mbali. Jifunze takwimu kwa R, ni bure. Jifunze EGRA, kipimo cha usomaji wa awali kilichotumika Kisumu, nacho ni bure. Soma IRRODL na IJEDICT, majarida yaliyo wazi kwa kila mtu; mengine ya kulipia, uliza maktaba ya chuo chako kama imejisajili na Research4Life. Pakua usiku bando likiwa rahisi.

Ufadhili: msipoteze muda na wa Jumuiya ya Madola, Sudan Kusini si mwanachama. Chevening inatupokea, kwa uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, na inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi; miaka yako miwili ya ualimu inaingia humo, ihesabu. DAAD ifuatilie kila mwaka kwa sababu masharti hubadilika. Kwa uzamivu, tafuta msimamizi kabla ya chuo: soma makala zake mbili, mwandikie nusu ukurasa, swali lako liwe katika sentensi ya kwanza. Ukienda kukusanya data kwingine Afrika Mashariki, kibali hutolewa na COSTECH Tanzania, NACOSTI Kenya, UNCST Uganda, na huombwi radhi kwa ucheleweshaji.

Fedha. Mshahara wa mhadhiri hapa hautakulisha na huchelewa, kwa hiyo utafanya tathmini za mashirika kama sisi wote. Fanya, zinalipa, na zinakuingiza madarasani. Ila kabla ya kusaini, tafuta kifungu kinachosema data ni ya nani. Mara nyingi ni mali ya mfadhili na ripoti inaishia kabatini. Omba kiandikwe upya ili uruhusiwe kuchapisha baada ya miezi 12, majina ya watoto na shule yakiwa yameondolewa. Wengi hukubali ukiomba mapema. Ukiomba baada ya kupokea malipo ya kwanza, hawatakujibu.