Jinsi ya kutengeneza funguo za kufunga ujumbe wa siri

Kabla ya kufichua siri za shirika la ujasusi la Marekani, NSA, mwaka 2013, Edward Snowden alimtaka mwandishi wa habari Glenn Greenwald atengeneze kwanza funguo za kufunga barua pepe. Mwandishi huyo aliona kazi ni ngumu, akachelewa. Tunaieleza kazi hiyo leo kwa sababu hata msikilizaji anayetaka kueleza zilikokwenda fedha za zahanati ya kijiji anahitaji kinga ileile.

Kwa nini funguo mbili?

Programu hutengeneza funguo mbili zinazoendana. Ufunguo wa wazi unampa yeyote, na kazi yake ni kufunga. Ufunguo wa siri unabaki nao mwenyewe, na ndio pekee unaofungua. Ni kama kuwagawia watu kufuli za kubana zikiwa wazi: kila mmoja anaweza kufunga sanduku, lakini wa kulifungua ni wewe tu.

Zinatengenezwaje?

Tunatumia GnuPG, programu ya bure iliyoanzishwa na Mjerumani Werner Koch. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1999. Kwenye simu ya Android inafanya kazi ndani ya programu iitwayo Termux, ambamo unaandika amri badala ya kugusa vitufe. Kwanza andika:

pkg install gnupg

Ikishaingia, andika:

gpg --gen-key

Utaulizwa jina na barua pepe. Kumbuka kwamba kila utakayempa ufunguo wa wazi atayasoma hayo. Kisha utachagua neno la siri. Liwe refu, maneno matano au sita yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Ili kupata ufunguo wa wazi wa kumtumia mwenzako, andika:

gpg --armor --export

Mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza, ukisahau neno la siri hakuna ofisi ya kukurudishia. Ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wako hautasomeka tena.

Pili, usiamini ufunguo kwa sababu tu umeandikwa jina la mtu unayemfahamu, maana yeyote anaweza kuandika jina hilo. Amri ya gpg --fingerprint huonyesha alama za utambulisho za ufunguo, kwa kawaida herufi na tarakimu 40. Mpigie mwenyewe, akusomee zake, nawe ulinganishe na unazoziona.

Tatu, funguo huficha maneno tu. Nani amemwandikia nani, na saa ngapi, bado huonekana. Vivyo hivyo kichwa cha habari cha barua pepe. Kwa hiyo pale juu usiandike "Wizi wa zahanati". Andika "Salamu".