UZI: "Vijana wa huku ni wavivu." Hii hoja inatoka wapi?

Wadau, msimu wa siasa ukifika kuna sentensi haikosi. Mheshimiwa anashika maikrofoni kwa matanga, iwe Rongo au Mbita, anaona vijana wamekaa chini ya mti saa saba mchana, anasema: shida ya hapa si serikali, ni uvivu. Watu wanapiga makofi. Hata mamangu hupiga. Sitaji mtu wala chama, nataka tuchambue hoja yenyewe.

Tuanze na hao vijana. Kule Sindo na Mbita, wengi unaowakuta wamelala mchana ni wavuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na giza likiwa zito ndio vizuri. Mwezi ukijaa, samaki hawafuati taa, kazi inalala siku kadhaa. Halafu Aprili hadi Julai serikali yenyewe hufunga uvuvi wa omena ili wazaliane.

Binamu yangu ni mmoja wao. Mwaka jana alishikwa mjini mchana akingoja matatu, macho mekundu ya kukesha ziwani, akaambiwa anazurura. Tulichanga pesa ndio akatoka. Kosa la aina hiyo tulirithi: Kanuni ya Adhabu ilianza 1930, na vifungu vya 182 na 183 vina vichwa vinavyotaja watu wavivu na wazururaji.

Mkoloni alihitaji neno "mvivu" kwa nini? Kwa sababu mtu mwenye mtama wake na ng'ombe wake hakuwa na haja ya kulimia setla. Kodi ya nyumba ikaletwa 1901, ili atafute pesa apende asipende. Oktoba 1919 gavana akatoa waraka wa kuwataka maafisa na machifu wasukume watu kwenye mashamba ya wazungu. Kipande kikaja miaka hiyo hiyo. Desemba 1921 watu wa Nyanza walikutana Lundha, Gem, mkutano wa Piny Owacho, wakadai kodi ipunguzwe na kipande kiondolewe. Hao ndio walioitwa wavivu, na walikuwa wakilima kwao.

Sasa falsafa kidogo, msikimbie. Mwaka 1932 Bertrand Russell, Mwingereza, aliandika insha ya kusifu kukaa bila kazi. Anasema mashine zimefika mahali ambapo masaa manne kwa siku yangetosha, na kwamba mahubiri ya "kazi ni utu" maskini hufundishwa na matajiri wasiofanya kazi. Mimi nakubali nusu. Russell alikuwa mjukuu wa waziri mkuu. Sidhani aliwahi kuulizwa unga umetoka wapi.

Upande wa pili wana hoja nzito pia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asiyefanya kazi anakula jasho la mtu. Shida ni ukimpa polisi hiyo hoja. Tanzania walijaribu 1983 na Nguvu Kazi: watu wa Dar es Salaam wasioweza kuthibitisha kazi walikusanywa, wakapelekwa vijijini. Wengine walikuwa wachuuzi tu. Kazi yao ilikuwepo, karatasi ndiyo haikuwepo.

Ila jameni, tusijitetee sana sisi vijana. Mchana ule ule binamu yangu akilala, na ana haki ya kulala, ni nani anaanika omena juani? Akina mama. Na yule wa stejini anayecheza ajua tangu asubuhi bila kukesha popote, chakula chake kimepikwa na dada aliyeamka saa kumi na moja. Huyo namuita mvivu bila aibu. Lakini deni lake ni kwa dada, si kwa Mheshimiwa.

Mahakama ya Afrika, Arusha, ilishasema Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Uganda, Mahakama ya Katiba ikafuta baadhi ya zao 2022. Kwa hivyo akija tena jukwaani na "wavivu", muulizeni msimamo wake kuhusu 182 na 183.

Giza limerudi, binamu yuko ziwani. Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka darasani.