Kompyuta Ikigoma, Mafaili Bado Yamo Ndani

Mwezi huu tunataka kuongea nanyi juu ya jambo ambalo limeliza watu wengi hapa kambini. Laptopu inagoma, inapelekwa kwa fundi, inarudi inawaka vizuri kabisa, lakini picha na makaratasi yote hayamo tena. Fundi anasema, "Nimepiga Windows mpya." Ni kweli amepiga, na kazi aliyotumwa ameifanya. Ila hakuna aliyemwambia kwamba ndani mlikuwa na picha ya cheti cha ndoa, matokeo ya shule ya mtoto, na picha moja tu ya bibi aliyebaki Uvira.

Kwanza tuelewane hapa. Windows ni kitu kimoja, mafaili yenu ni kitu kingine. Vyote vinakaa kwenye diski ileile, lakini kimoja kinaweza kufa na kingine kikabaki kizima. Ni kama nyumba ambayo kufuli limeharibika. Ufunguo haugeuki, huwezi kuingia, lakini vyombo viko ndani kama ulivyoviacha. Skrini ikiwa ya bluu yenye maandishi meupe, au ikizungusha vile vidoti bila kufika mwisho, mara nyingi ni kufuli tu. Kufomati ni kubomoa nyumba ili ubadilishe kufuli. Jamani!

Kwa hiyo, kabla mtu yeyote hajagusa kitu, mwambieni maneno haya: "Toa mafaili kwanza, halafu piga Windows." Akisema haiwezekani, msikubali haraka. Mara nyingi inawezekana, na dawa yake haiuzwi, ni ya bure.

Dawa yenyewe ni hii. Kompyuta hailazimiki kuwaka kwa Windows iliyo ndani yake. Inaweza kuwaka kwa mfumo mwingine kabisa ulio kwenye flashi, bila kubadilisha chochote kwenye diski. Mjerumani mmoja, Klaus Knopper, alitoa mfumo wa namna hiyo mwaka 2000, ukaitwa Knoppix, na wakati huo ulikuwa unakaa kwenye CD. Siku hizi sisi tunatumia Ubuntu, ambayo ilianza mwaka 2004. Jina lake ni la lugha za Afrika Kusini na ni ndugu wa neno letu "utu". Majirani zetu Warundi na Wanyarwanda hawahitaji hata kutafsiriwa. Laptopu ikiwa ya zamani sana na kumbukumbu yake ni ndogo, Ubuntu itasuasua, basi tunatumia Puppy Linux ambayo ni nyepesi.

Flashi ya GB 8 inatosha kuutia mfumo huo. Lakini angalieni, kuutia kunafuta kila kitu kilichokuwa kwenye flashi hiyo, kwa hiyo msitumie ile yenye nyimbo za kwaya! Ukishaichomeka, unawasha kompyuta huku unagongagonga kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP nyingi ni F9. Halafu Ubuntu inakuuliza: unataka kuijaribu tu, au unataka kuiweka kwenye kompyuta? Hapo ndipo pa kutuliza mkono. Chagua kujaribu. Ukichagua kuiweka na ukaendelea kukubali kila swali, unaweza kufuta diski nzima mwenyewe, na hutakuwa na fundi wa kumlaumu.

Ikishawaka, unafungua diski ya ndani kama unavyofungua folda yoyote. Tafuta folda inayoitwa Users, halafu jina la mwenye kompyuta. Humo ndimo mna Desktop, Documents, Downloads na Pictures. Kwenye Windows XP ya zamani folda ilikuwa inaitwa Documents and Settings. Msiache kuangalia Desktop, maana huku kwetu kila kitu kinawekwa hapo. Folda za Windows na Program Files ziacheni. Programu haihami kwa kukopiwa, inabidi iwekwe upya.

Siku moja mama mmoja alituletea laptopu ya marehemu mume wake. Alikuwa ameambiwa na watu wawili kwamba imekufa. Tuliiwasha kwa flashi, tukafungua folda ya jina la baba yule, tukakuta vyeti vya watoto wote vimepigwa picha kimoja kimoja na kuandikwa jina na mwaka. Mama alikuwa hajui kabisa kama viko. Alijua picha za harusi tu, ndizo alizokuja kuzifuata. Ndiyo maana tunasema msifanye kazi hii bila mwenye mali kukaa pembeni, na hata yeye asijiamini sana kwamba anajua vyote vilivyomo. Kopi folda nzima ya mtumiaji, kuchagua mtachagua baadaye.

Kukopi kunahitaji flashi nyingine au diski ya nje yenye nafasi. Piga hesabu mapema. Flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde itatumia kama dakika 33 kwa GB 20, na kwetu sisi wa umeme wa jua dakika hizo zina maana, betri ikiisha katikati unaanza tena. Kuna jambo jingine linalosumbua. Flashi nyingi ni za mtindo wa FAT32, na hizo hazipokei faili moja linalozidi GB 4. Kwa hiyo video ya harusi inakataliwa hata kama nafasi ipo tele, watu wanadhani faili limeoza. Halijaoza. Flashi ikiwa tupu, ifomati kwa mtindo wa exFAT, video itaingia.

Kisha kagueni. Hatua hii watu wanairuka kwa furaha. Toa flashi kwa utaratibu, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua picha kadhaa, fungua barua, cheza video hadi katikati. Jina la faili kuonekana si ushahidi kwamba limefika zima. Likifunguka kwenye mashine nyingine, hapo sasa mwiteni fundi apige Windows anavyotaka.

Kuna hali mbili ambazo tunawaambia ukweli mapema. Ya kwanza, diski ikiwa inatoa mlio wa tik-tik-tik kama saa mbovu, zimeni. Huo si ugonjwa wa Windows, ni chombo chenyewe kinakufa, na kila ukiiwasha unaimaliza. Diski hiyo si ya kujaribiwa na kila kijana anayepita. Ya pili ni diski iliyofungwa kwa BitLocker. Hiyo inadai ufunguo wa tarakimu 48, na bila ufunguo hata Ubuntu haioni kitu. Kama laptopu ni yako na uliingia kwa akaunti ya Microsoft, huenda ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Kama ilikuwa ya ofisi fulani ukapewa, waulizeni waliotoa. Kompyuta za Windows 11 zinazidi kuja zimejifunga zenyewe, kwa hiyo tafuteni ufunguo huo leo, mashine ikiwa bado nzima, mkauandike kwenye daftari.

Na kama fundi ameshafomati? Msitie kitu kipya, wala msiendelee kuitumia. Kufomati kwa haraka mara nyingi kunafuta orodha tu, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu; kurasa nyingine zimebaki mpaka ziandikwe juu yake. Ipo programu ya bure inaitwa PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo inapekua diski na kuokota picha moja moja. Majina ya mafaili yanapotea, unapata lundo la namba, lakini sura za watu zinarudi. Kwa diski za kisasa za SSD matumaini ni madogo sana, kwa sababu zenyewe zinafagia nafasi iliyofutwa.

Tunaandika haya mwezi huu kwa sababu laptopu nyingi zilizoko kambini ni za Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nyingi ni za zamani, hazikubaliki kwenye Windows 11. Wenyewe wanataka kubadilisha mfumo, na kila siku tunaona mtu na laptopu kwapani anaelekea kwa fundi. Wazo ni zuri. Ila itokeni nyumbani mafaili yakiwa yameshakopiwa.

Neno moja kwa mama na dada zetu. Anayetoa mafaili anayaona mafaili. Picha za familia, barua za kesi, makaratasi ya maombi ya kuhamishwa nchi nyingine, si vitu vya kuachwa kwa mtu usiku mzima. Kaeni pale mpaka kazi iishe. Mkikataliwa kukaa, chukueni laptopu yenu mwende kwingine, na msione haya.

Sisi tunapokea laptopu zinazogoma kila Jumamosi baada ya darasa la asubuhi, jua likiwa bado kali. Njoo na chaja, njoo na flashi au diski yenye nafasi, na kama kulikuwa na neno la siri ulikumbuke. Hatutozi kitu. Wenye diski zinazolia tik-tik waje na diski ikiwa imezimwa, tuangalie pamoja cha kufanya.