Nyeri kwa Miguu: Ziara ya Kikundi Katika Mji wa Mkoa

Kila mwaka ukifika wakati wa kugawa akiba, vikundi vingi huanza kuuliza: safari hii tutembee wapi? Wengi hutaja Mombasa, wengine Nairobi. Mombasa ni mbali na nauli hula akiba yote. Nairobi nayo kikundi cha watu thelathini kinapotelea steji kabla hata ya kunywa chai. Kwa vikundi vya upande wetu wa mlima ningependekeza Nyeri, na nieleze kwa nini.

Nyeri ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati. Hapo ndipo P.C. alipokaa, na neno lake lilifika Nyandarua, Kirinyaga, Murang'a na Kiambu. Fikirieni mtu wa Limuru. Nairobi iko karibu naye kabisa, lakini jambo la mkoa lilimfanya asafiri zaidi ya kilomita 150 kupanda huku. Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo hayo, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 kila kaunti ikapata serikali yake. Siku hizi Nyeri ni makao ya Kaunti ya Nyeri, ingawa ofisi kadhaa za serikali kuu za eneo zima bado ziko pale.

Lakini ukubwa huo wa cheo haukuufanya mji kuwa mkubwa. Ukishuka matatu unaweza kuuzunguka wote wa katikati kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, hata ukiwa na shosho mwenye fimbo. Watu husalimiana njiani. Ukiuliza ofisi, mwenye duka anatoka nje kukuonyesha kwa mkono. Mei 2015, Sista Irene Stefani, yule watu walimwita Nyaatha, alipotangazwa mwenye heri hapo Nyeri, mji ulijaa kupita kiasi, na kesho yake ukarudi kuwa vile vile, watu na mboga zao na magazeti yao.

Sasa, jambo la kwanza ni majina. Steji kubwa ya magari imepewa jina la Field Marshal Muthoni Kirima, mwanamke aliyepigana msituni na Mau Mau na kutoka huko baada ya uhuru mwaka 1963. Alifariki Septemba 2023. Barabara kuu inaitwa Kimathi Way. Nyingine ni Gakere, jina la kiongozi wa Tetu aliyepigana na Waingereza mwaka 1902, mwaka ambao walijenga ngome yao hapa. Kwa hiyo kabla hamjaingia ofisi yoyote mmeshasoma historia kwa vibao tu. Mwandishi wa kikundi aandike majina hayo, na jioni kila mtu aulizwe anajua nini juu yake. Mtashangaa vijana wanajua kidogo namna gani.

Jambo la pili ni ofisi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa za vikundi zinapotea. Zamani ilikuwa rahisi: ukiwa na shida, unaambiwa nenda kwa D.O., halafu D.C., halafu P.C. Mlolongo ulikuwa mmoja. Sasa serikali ziko mbili katika mji mmoja, na wakati mwingine milango yao haiko mbali. Kikundi kimoja cha akina mama ninachokijua kilienda na barua ya kuomba afisa wa mifugo, wakaipeleka kwa ofisi ya serikali kuu. Walikaa kwa benchi tangu asubuhi hadi saa kumi, na hakuna aliyewaambia kwamba mlango si ule. Wakarudi nyumbani na barua yao. Nauli ya watu sita ilikuwa imekwenda.

Basi shikeni hivi. Kilimo na mifugo, zahanati na hospitali za kaunti, barabara ndogo za vijijini, masoko, maji, shule za nasari na polytechnic za vijijini: hayo ni ya kaunti. Vyama vya ushirika navyo utaulizia huko. Kitambulisho, chifu na naibu wake, polisi, shule za msingi na sekondari, hati ya shamba: hayo ni ya serikali kuu. Na cheti cha kikundi chenu pia kiko upande wa serikali kuu, kwa Maendeleo ya Jamii, na kinafuata sheria ya usajili wa vikundi ya mwaka 2022. Kama cheti chenu ni cha zamani, mliopewa kabla ya sheria hiyo, kibebeni siku ya ziara pamoja na kitabu cha mikutano na katiba ya kikundi, mkaulize kama kinahitaji kufanywa upya. Lakini anzeni na ofisi iliyo karibu nanyi kwanza, huenda hata msihitaji kufika mjini kwa jambo hilo.

Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi, hufungwa saa saba hadi saa nane kwa chakula, na Jumamosi hazifanyi kazi. Kikundi kinachochagua Jumamosi ili watu wasikose kazi kitaona mji lakini hakitaona ofisi. Mimi ningechagua siku ya katikati ya wiki. Wachagueni wawili au watatu wa kuingia ndani na barua, wengine wangoje nje. Afisa akiona watu thelathini mlangoni anaogopa, anadhani ni maandamano!

Mkimaliza ofisi, nendeni kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro, karibu tu na katikati ya mji. Katika makaburi yake amelala Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti. Alihamia Nyeri uzeeni mwaka 1938 na akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kwenye jiwe lake mtaona duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani ya skauti, maana yake "nimekwenda nyumbani". Skauti huja kutoka nchi za mbali kusimama hapo. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa India aliyefariki 1955, yuko makaburi hayo hayo.

Sasa linganisheni. Dedan Kimathi, mtoto wa Nyeri hii hii, alikamatwa Oktoba 1956, kesi yake ikasikizwa hapa mjini mwezi uliofuata, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Familia yake haikupewa mwili, na mahali alipozikwa hapajathibitishwa mpaka leo. Mjini kuna mnara wa ukumbusho wa waliokufa wakipigania uhuru. Magari hupita kando yake na wengi hawageuzi kichwa. Mimi naona kikundi kikisimama kanisani kwa dakika kumi, kisimame na hapo dakika kumi vile vile.

Halafu chukueni matatu mpaka Ruring'u, ni kilomita chache tu. Hapo kuna makumbusho ndani ya jengo lililokuwa korti ya Waafrika wakati wa ukoloni, ambapo wazee waliamua kesi za mashamba na za ndoa. Na uwanja wa Ruring'u ndipo wapiganaji wa msituni walipotokea Desemba 1963 na silaha zao. Hapa ndipo msiwe na haraka. Kama kikundi chenu kina wazee waliokuwa watoto wakati wa Emajensi, waliohamishwa na kutiwa katika vile vijiji vya mitaro, mwenyekiti awaombe mapema, kwa heshima, kama wangependa kusema lolote. Mwingine atakubali, mwingine atanyamaza tu na kuangalia nyasi. Asilazimishwe. Wazee hao wanazidi kupungua, na mengi wanayoyajua hayakuandikwa popote.

Kuhusu pesa, mweka hazina azungumze na mwenye matatu wiki mbili kabla, bei iandikwe, na iwe wazi kama kungoja mchana kutwa kumo ndani ya bei hiyo. Chakula kiagizwe mapema, kwa sababu hoteli ndogo haiwezi kupika githeri ya watu thelathini kwa ghafla. Kiingilio cha makumbusho kiulizwe kwa simu kabla ya kuchanga. Kila mtu abebe sweta. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Nyeri ni kali na ukungu hukaa mpaka karibu saa sita. Anayetaka kuuona mlima afike alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika.

Ondokeni Ruring'u saa kumi jioni ili akina mama wafike nyumbani kabla ya giza. Hesabu ya safari isomwe katika mkutano unaofuata, hata kama iliyobaki ni shilingi hamsini, na mwandishi asome pia yale majina ya barabara.