Zitunze Springi za Pikipiki, Nazo Zitakutunza

Mtu akifika Isebania alfajiri, kabla malori hayajapanga mstari kuelekea Sirari, sauti ya kwanza aisikiayo ni ya pikipiki. Moja humpeleka mfanya biashara mpakani, ya pili huleta gunia la mahindi kutoka Mabera, na ya tatu hukimbia na mgonjwa kuelekea Kehancha. Katika nchi hii ya Wakuria, ambayo mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati yake, chombo hiki ndicho miguu ya watu wengi; na kwa kijana akiendeshaye, ndicho shamba lake na ndicho ghala lake.

Kazi yenyewe ni mtoto wa mpakani. Jina la bodaboda lilianzia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, ambako vijana wenye baiskeli waliwachukua abiria kutoka upande mmoja hadi wa pili. Baadaye baiskeli zikaipisha pikipiki, na jina likabaki lile lile.

Lakini ukisimama kando ya njia ya vumbi ukasikiliza, utasikia jambo jingine. Pikipiki inayopita yalia kama debe tupu. Gurudumu la nyuma larukaruka, na abiria ameshika kiti kwa mikono miwili. Ukimwuliza dereva atakuambia kwamba barabara ni mbaya. Maneno yake yana ukweli, ila si ukweli wote. Mara nyingi nusu ya ubaya huo imo katika pikipiki yenyewe, tena mahali ambapo mwenyewe angeweza kupatengeneza uani kwake kwa futi ya kupimia, spana na kitambaa kikavu.

Umbo la kale lenye faida

Pikipiki zinazoonekana sana hapa, kama vile Bajaj Boxer na TVS, zabuniwa India, nazo zafuata umbo la zamani. Mwaka wa 1935 kiwanda cha BMW cha Ujerumani kilitoa pikipiki ambayo miguu yake ya mbele ilikuwa bomba ndani ya bomba, pamoja na springi na oili ya kutuliza mshtuko. Mwaka wa 1949 Royal Enfield ya Uingereza ikauza pikipiki yake iitwayo Bullet ikiwa na mkono wa nyuma upandao na kushuka, nao umeegemea springi mbili, moja kila upande. Mwaka wa 1955 Bullet ikaanza kuundwa Madras, India. Mpango huo wa springi mbili nyuma na miguu miwili ya bomba mbele ndio tunaouona Isebania hata leo.

Faida ya umbo hili ni kwamba kila kitu ki wazi. Hakuna kilichofichwa ndani ya magamba ya plastiki, na mwenye chombo aweza kukitazama na kukigusa. Basi asiyekitazama hana udhuru.

Kazi ya springi na kazi ya oili

Watu wengi hudhani kwamba springi zimewekwa ili abiria akae vizuri. Hiyo ni kazi yake ya pili. Kazi ya kwanza ni kulishika gurudumu lisiachane na ardhi. Gurudumu lililo hewani halina breki wala halifuati usukani. Kama lapiga jiwe na kuruka, kisha larudi chini na kuruka tena, basi kwa muda huo wote dereva hana amri juu ya chombo chake, hata kama breki zake ni mpya.

Springi peke yake haina adabu. Ukiibana yaruka, na ikisharuka yarudi tena. Kwa hiyo ndani ya kila kikinga mshtuko, ambacho mafundi hukiita shokapu, pamewekwa oili. Oili hiyo hupita katika matundu madogo, na kwa kuwa haiwezi kupita kwa haraka, huituliza springi isirukeruke. Springi huubeba mzigo, na oili huizuia springi. Oili ikivuja, springi hubaki kama ng'ombe asiye na mchungaji.

Ukaguzi wa kila juma

Chagua saa moja kila juma, pikipiki ikiwa imepoa na imeoshwa, maana tope huficha ufa. Anza na upepo wa magurudumu, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hudanganya vipimo vyote vinavyofuata. Katika pikipiki nyingi za aina hii kipimo ni kama paundi 25 mbele na 28 nyuma dereva akiwa peke yake, na 32 nyuma akiwa na abiria. Lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho.

Kisha kandamiza kiti kwa nguvu zako zote, uachie ghafula. Nyuma yapasa ipande mara moja na kutulia. Ikicheza mara mbili au tatu kama mtoto kwenye bembea, jua kwamba oili ya shokapu imekwisha kazi. Fanya vivyo hivyo mbele, ukishika breki ya mbele na kuusukuma usukani chini.

Tatu, chukua kitambaa kikavu ukipanguse chuma king'aacho cha miguu ya mbele, mahali kinapoingia katika bomba nene. Panda na ushuke kidogo juu ya pikipiki, halafu utazame. Ukiona duara la oili limerudi, sili imekatika. Usilidharau duara hilo. Oili hiyo hushuka mpaka kwenye breki, na breki iliyolowa oili haishiki. Hapo bei ya sili mbili imegeuka kuwa bei ya uhai.

Nne, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, ushike gurudumu la nyuma na kulisukuma kulia na kushoto. Likicheza, bushi za mkono wa nyuma au beringi za gurudumu zimelika. Kisha mwenzako aiinamishe pikipiki nyuma mpaka gurudumu la mbele liwe juu; shika miguu ya mbele kwa chini, uivute na kuisukuma. Ukisikia mgongano, beringi za shingo ya usukani zataka kukazwa au kubadilishwa.

Kuzipima springi kwa futi

Sasa twafika kwenye jambo ambalo wengi hawalifanyi, ingawa halina gharama. Chini au juu ya kila springi ya nyuma pana pete yenye ngazi, mara nyingi ngazi 5. Ukiizungusha pete hiyo kwa spana yake yenye ndoana, springi hubanwa zaidi au hulegezwa. Tufahamu vizuri: pete haiifanyi springi kuwa ngumu kuliko ilivyoumbwa. Huinua tu mahali inapoanzia kazi, ili pikipiki yenye mzigo isikae chini mno.

Ili kujua ngazi ikufaayo, tafuta mwenzako mmoja. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likining'inia. Pima kutoka nati ya ekseli ya nyuma mpaka alama moja iliyo juu yake, penye fremu chini ya kiti. Tuseme umepata milimita 440. Sasa ishushe pikipiki, uketi kama uendeshavyo, na mwenzako apime tena mahali pale pale. Tuseme amepata milimita 412. Pikipiki yako imedidimia milimita 28.

Je, hicho ni kiasi chema? Kanuni ya mafundi ni kwamba pikipiki ikiwa na dereva wake idhidimie karibu theluthi moja ya mwendo wote wa springi. Kama springi zako zina mwendo wa milimita 90, theluthi yake ni 30, nawe u karibu na shabaha. Ikididimia 50 kwa dereva peke yake, panda ngazi moja au mbili. Ikididimia 10 tu, shuka ngazi, maana springi isiyodidimia haiwezi kulifuata gurudumu linapoingia katika shimo. Ukishapata kipimo chako, rudia na abiria nyuma yako, uikumbuke ngazi inayofaa kwa safari za watu wawili.

Hakikisha kwamba ngazi ya kushoto na ya kulia ni moja. Pikipiki yenye ngazi mbili tofauti huupinda mkono wa nyuma, na bushi huisha upande mmoja.

Mwisho, tazama mnyororo. Mkono wa nyuma unaposhuka na kupanda, mnyororo nao hulegea na kukaza. Mwenye kuukaza sana pikipiki ikiwa tupu hushangaa ukikatika akiwa na abiria. Basi baada ya kuubadilisha msimamo wa springi, pima ulegevu wa mnyororo upya, uukague tena mtu akiwa ameketi. Katika pikipiki hizi, ulegevu wa milimita 20 hadi 30 ndio wa kawaida.

Oili ya miguu ya mbele

Oili hii husahauliwa kwa sababu haionekani. Nayo huchakaa, huingiwa na maji ya mvua na unga wa chuma. Kitabu cha pikipiki chaeleza ibadilishwe baada ya kilometa ngapi, na anayepita njia za vumbi na tope kila siku asingoje mpaka mwisho wa kiasi hicho. Jambo kuu ni usawa: kiasi kiwacho mguu wa kulia ndicho kiwe mguu wa kushoto, kimepimwa kwa chombo chenye alama, si kwa kukadiria kwa jicho. Tena iwe oili ya aina iliyoagizwa. Wako watu watiao oili chafu iliyotolewa katika injini, wakidhani wameokoa fedha. Kumbe wamemwaga mchanga katika mashine yao. Oili iliyochakaa nayo isimwagwe mtoni wala karibu na kisima, bali iwekwe katika debe na kupelekwa gereji.

Dawa isiyo dawa

Wako pia wanaotia vipande vya mpira kati ya mizunguko ya springi ili ibebe zaidi, au wanaochomelea vyuma ili nyuma isishuke. Tuyapime maneno haya kwa hesabu. Pikipiki ya namna hii ina uzito wa kilo 110 hadi 125 hivi. Dereva wa kilo 65 akipakia gunia la mahindi la kilo 90, mzigo umekuwa kilo 155, yaani chombo chabeba kuliko uzito wake chenyewe. Hakuna ngazi ya pete itakayoponya jambo hilo. Springi zikizuiwa kwa mpira, pigo halipotei. Lahamia kwenye fremu, kwenye spoku, na kwenye mgongo wa mtu. Na nyuma ikilemewa, mbele huwa nyepesi, usukani huyumba, na taa humulika machoni mwa wanaokuja badala ya kumulika njia.

Sheria ya Kenya inamruhusu dereva kuchukua abiria mmoja tu, na kanuni za mwaka wa 2015 zawataka wote wawili wavae kofia ya chuma na koti la kung'aa. Wengine huliona jambo hilo kuwa usumbufu wa askari. Lakini mtu aliyepima springi zake kwa futi atajua kwamba springi zenyewe zilikwisha kulisema kabla ya askari.

Daftari na mlango wa usiku

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari dogo. Andika tarehe, kilometa, ngazi ya springi, siku ya kubadili oili, na kila kilichocheza au kuvuja. Mkopo wa pikipiki haungoji, na siku moja gerejini ni siku isiyo na chakula. Daftari hukuonya mapema, ili ufanye kazi ndogo jioni badala ya kazi kubwa mchana. Na penye jambo lililokupita, kama kuivunja miguu ya mbele na kuiunga tena, usione haya kumwita fundi. Nawe ukimweleza kwa vipimo vyako, hatakubahatishia.

Ndugu msomaji, ipo safari moja ambayo kila dereva wa hapa aijua. Ni mwezi wa Aprili, mvua za masika zimeilainisha njia, na usiku wa manane mtu agonga mlango: mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa na hospitali iko mbali. Saa hiyo hakuna nafasi ya kutafuta spana wala ya kulaumu barabara. Pikipiki itakwenda jinsi ilivyotunzwa jioni zile zilizopita. Mama yule hatajua habari za pete wala za sili. Atajua tu kwamba alichukuliwa polepole, gurudumu likishika njia, hata akafika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mwingine mtu hapati nafasi ya kuujenga.