Shule ya Serikali: Wazazi wa Mtwapa Wasemaje?

Kila likizo inapokaribia kwisha, mazungumzo ya barazani hapa Mtwapa hugeuka. Siasa huwekwa kando, bei ya samaki husahauliwa, na watu huulizana jambo moja: mtoto abaki katika shule ya serikali au ahamishwe kwenye akademia? Jambo hili si dogo, mpenzi msomaji, kwani ziko nyumba ambazo dhahabu ya mama imekwisha wekwa rehani kwa ajili yake.

Kwa majuma kadha nimekuwa nikiwauliza wazazi wenzangu, baada ya sala ya alasiri, sokoni na kwenye stendi ya matatu, wanaionaje shule ya msingi ya serikali iliyo jirani yao. Majina ya watu na ya shule sitayataja, kwa kuwa nia yangu ni kuyapima maneno, si kumuaibisha mtu.

Lalamiko la kwanza ni wingi wa watoto. Mvuvi mmoja alinieleza kuwa mwanawe wa gredi ya nne huketi nyuma kabisa, na arudipo nyumbani hawezi kueleza alichofunzwa. Ama kwa kweli msongamano huu haukuanza jana. Ada za shule za msingi zilipoondolewa Januari 2003, idadi ya wanafunzi nchini iliruka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja, na walimu na madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Kisha mwaka 2023 sekondari ya msingi ikaanza katika viwanja hivyo hivyo vya shule za msingi. Na Mtwapa yenyewe, iliyokuwa kijiji cha mashamba kando ya kijito, sasa ni mji ambao kila mwezi hupokea wageni na watoto wao.

Lalamiko la pili ni pesa. Bi mmoja muuza mahamri aliniuliza kwa uchungu: ikiwa elimu ni bure, mbona kila muhula kuna pesa za mitihani, za mlinzi na za chakula? Jawabu moja ni kwamba serikali humkadiria mtoto wa msingi shilingi 1,420 kwa mwaka. Ukizigawanya kwa siku, hazifiki shilingi 4. Mwalimu mkuu naye ana bili ya maji, chaki na paa linalovuja, na akikosa pa kushika humgeukia mzazi.

Hata hivyo sheria ipo, na wazazi wengi hawaijui. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza ada ya masomo katika shule za umma. Malipo mengine huweza kutozwa kwa idhini ya waziri, baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hakuna mtoto anayefaa kuzuiwa kusoma kwa sababu mzazi wake hajayalipa. Mwenye kujua haya huzungumza na mwalimu kwa adabu na kwa hoja. Asiyejua humficha mtoto nyumbani siku tatu kwa kuona haya, na hizo siku tatu hazirudi.

La tatu linatugusa sisi Waislamu zaidi, nalo ni dini. Wapo wazazi wasemao kuwa shuleni kwao hakuna mwalimu wa somo la dini ya Kiislamu, na kipindi hicho kikifika watoto wetu hukaa tu chini ya mwembe. Wengine wana wasiwasi juu ya hijabu, hasa tangu Januari 2019, Mahakama ya Juu ilipoutengua uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2016 uliowaruhusu wasichana wa shule moja ya Isiolo kuivaa. Na wengi hulalamika kuwa masomo ya ziada ya jioni yanakula saa za chuo, mtoto akafika kwa maalim akisinzia.

Wasiwasi huu una historia ndefu. Watu wa pwani hii walikuwa na misikiti yao tangu kale, na magofu ya Jumba la Mtwana hapa hapa Mtwapa ni ushahidi wa karne ya 14. Shule za kizungu zilipokuja, nyingi mikononi mwa wamishonari, wazee waliogopa kuwa mtoto angeingia Juma na kutoka na jina jingine. Lakini marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wasome elimu ya dunia pamoja na ya dini, wala wasiache moja kwa ajili ya nyingine. Miaka mingi baadaye, mwaka 1986, ulianza Mombasa mpango wa shule za chekechea za madrasa, uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, ambamo mtoto mdogo hupata Kurani, hesabu na michezo chini ya paa moja. Basi kuziunganisha elimu mbili ni jambo linalowezekana.

Isidhaniwe kuwa nilisikia lawama tupu. Bibi mmoja alimsifu mwalimu wa mjukuu wake, ambaye humfuata nyumbani akikosa shule siku mbili. Baba mwingine alimrudisha mwanawe kutoka akademia, kwani walimu walibadilishwa mara tatu kwa mwaka. Wengi walikiri kuwa vitabu sasa viko, na wakapendezwa kuona mtoto wa Kigiriama, wa Kiswahili na wa bara wakiketi dawati moja.

Sasa nami niseme langu. Nilihudhuria mkutano wa wazazi muhula uliopita. Akina mama walikuwapo, wengine na watoto mgongoni. Wanaume wanaoisema shule kila jioni kwenye kahawa niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hesabu za pesa zilisomwa haraka haraka, na aliyeuliza swali alikuwa mmoja tu, tena yule muuza mahamri. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Sheria ile ile ya 2013 inawapa wazazi viti sita katika bodi ya shule. Tukivichukua viti hivyo, tunaweza kudai hesabu kwa maandishi. Kamati ya msikiti inaweza kumwendea mwalimu mkuu na kuomba njia ya kupata mwalimu wa dini aliyehitimu. Saa za chuo zinaweza kujadiliwa mezani badala ya kunung'unikiwa njiani.

Akademia si haramu, na mwenye uwezo ana hiari yake. Lakini watoto wengi wa Mtwapa watabaki katika shule ya serikali, tupende tusipende. Kabla hujaweka rehani dhahabu ya mkeo, ndugu yangu, lifungue daftari la mwanao usiku huu ulisome ukurasa kwa ukurasa, na siku ya mkutano uende ukaulize.